Kuzima antivirusi na kuskani kwa mkono: nani anaweza, nani asijaribu

Ukipeleka laptopu nzito kwa fundi hapa Tanga, iwe Ngamiani kwenye barabara za namba, iwe Chumbageni au Makorora, si ajabu ukarudi nyumbani na ushauri huu: "Toa hiyo antivirusi, ndiyo inakulemea. Uwe unaskani mwenyewe mara mojamoja." Unakubali, na kweli laptopu inawaka haraka kuliko jana. Ukimsimulia fundi wa pili, anashika kichwa. Umeiacha mashine uchi, anasema, subiri uone.

Ubishi huu ni wa siku nyingi, ila umepamba moto tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Mashine nyingi za mtaani haziwezi kupanda Windows 11, kwa sababu inadai ramu isiyopungua GB 4, prosesa ya miaka ya karibuni na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Watu wamebaki na kompyuta zao za zamani, wanahangaika kuzipunguzia mzigo, na antivirusi ndiyo inayonyooshewa kidole kwanza.

Mafundi wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa mashine yake. Kinachokosekana ni swali ambalo hakuna kati yao anayemuuliza mteja: hii kompyuta inapokea mafaili ya nani? Majibu karibu yote yanatokana na hilo.

Antivirusi iliyo macho na antivirusi iliyolala

Mtaani kila programu mbaya huitwa virusi, na hapa nitafuata lugha ya mtaa. Iwe inafuta mafaili, inapeleleza nywila au inafunga nyaraka zako ili ulipe, zote ni virusi. Antivirusi ni programu inayovitambua na kuvizuia au kuvifuta.

Kazi hiyo hufanywa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ulinzi wa muda wote. Antivirusi inaamka pamoja na Windows, inakaa chinichini usipoiona, na kila faili linapofunguliwa, kunakiliwa au kushushwa kutoka mtandaoni, inalitazama kwanza. Ya pili ni kuskani kwa mkono. Hapo antivirusi imelala, haimo hata kwenye ramu, mpaka wewe uifungue na kuiambia ipite kwenye diski, folda au flashi fulani. Ikimaliza unaifunga, nayo inarudi kulala.

Mtu wa Pwani hana shida kuelewa tofauti hii, kwa sababu ameishi na malaria. Ulinzi wa muda wote ni chandarua, kuskani kwa mkono ni kwenda kupima. Kupima kuna maana yake, lakini hakuna aliyewahi kumzuia mbu kwa kupima. Kipimo kinakuja baada ya kuumwa, na ukipima mapema mno, vimelea vikiwa bado vichache, unaweza kuambiwa huna kitu na kumbe unacho. Mfano unaishia hapo, kwa kuwa mgonjwa wa malaria akipata dawa hurudi alivyokuwa. Kwenye kompyuta, kilichokwisha kuibwa hakirudi kwa sababu umemfukuza mwizi.

Inafanyaje kazi humo ndani

Windows imeacha nafasi maalumu kati ya programu na diski ambapo antivirusi inaweza kukaa. Unapobofya faili mara mbili, ombi la kulifungua linapita hapo. Antivirusi inalishikilia kidogo, inalinganisha faili na orodha ya virusi vinavyojulikana, inaangalia kama lina dalili za kutia shaka, kisha inaliruhusu au inalizuia. Faili likishakaguliwa na lisipobadilika, kwa kawaida halikaguliwi upya kila linapofunguliwa. Ndiyo maana mtu anayeandika barua haoni uzito wowote, lakini anayenakili maelfu ya mafaili madogo au kusimika programu mpya anauona.

Antivirusi za siku hizi zinatazama pia mwenendo. Programu ikianza ghafla kubadilisha mamia ya nyaraka kwa mfululizo, hilo ni jambo la kushtukia hata kama programu yenyewe haimo kwenye orodha yoyote. Halafu kuna virusi vinavyoishi kwenye ramu peke yake, amri tupu zisizowahi kuandikwa kwenye diski kama faili. Skani ya diski unayoianzisha kwa mkono jioni itapita pembeni ya vitu hivi bila kuviona, kwa sababu kwenye diski hakuna cha kuona.

Jambo jingine ambalo wanaosifia kuskani kwa mkono hawalisemi ni kwamba antivirusi iliyolala ikiamshwa huamka na njaa. Lazima ipakie orodha yote ya virusi kwanza. ClamAV, antivirusi ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, inaweza kumeza zaidi ya GB 1 ya ramu kwa ajili ya orodha tu. Kwenye mashine ya GB 2, skani hiyo unaianzisha ukiwa umeshaamua kutofanya kitu kingine. Mzigo haujaondoka, umeuhamishia saa unayoitaka wewe. Nakubali kwamba hiyo nayo ni faida, hasa kwa mtu anayetaka mashine yake iwe yake peke yake wakati wa kazi.

Yale ambayo skani haiwezi kuyarudisha

Kuna kundi la virusi ambalo kazi yake ni kuiba na kuondoka. RedLine na Lumma ni majina mawili yaliyovuma. Kirusi cha aina hii kinaingia, kwa kawaida ndani ya programu ya bure au kraki (programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bure) uliyoshusha mwenyewe, kinakusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani vile vialama vinavyoifanya tovuti ikukumbuke usiingie upya kila mara, kisha kinavituma kwa mwenye kirusi. Vidakuzi ndivyo vyenye thamani zaidi, kwa sababu anayevipata anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila nywila na bila ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Kazi yote inaweza kuisha ndani ya dakika chache, na baadhi ya virusi hivi hujifuta vikimaliza. Wewe unaskani Ijumaa kama ulivyozoea, unaonyeshwa sifuri. Skani haijakudanganya, maana wakati huo hakuna kitu. Tukio lenyewe lilikuwa Jumanne.

Kundi la pili ni virusi vya kudai fidia. Hivi vinafunga nyaraka, picha na mahesabu yako kwa fumbo usiloweza kulifumbua bila ufunguo. Antivirusi ikija baadaye itaifuta programu iliyofunga, lakini kufuli litabaki. Hapo kinachokuokoa ni nakala uliyoiweka kwenye diski nyingine ambayo haikuwa imechomekwa.

Na kuna virusi vinavyoingia bila mtu kugusa chochote. WannaCry, kimojawapo cha kudai fidia, ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 ilisambaa kwenye nchi zipatazo 150, na ilipita kupitia tundu kwenye sehemu ya Windows inayoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kushirikiana mafaili. Hapakuhitajika mtu wa kubofya. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha tundu hilo tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Waliosasisha walisalimika, na waliokuwa wameahirisha ndio walioumia. Katika ugomvi wote huu wa antivirusi ipi na ikae vipi, masasisho ya Windows na ya kivinjari yana uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na fundi anayekuzimia masasisho ili "kuokoa bando" amekufanyia ubaya mkubwa kuliko yule aliyekutolea antivirusi.

Flashi, na steshenari ya msimu wa mikopo

Tanga tunajisifu: waja leo waondoka leo. Flashi za steshenari ndivyo zilivyo, zinakuja leo na kuondoka leo, isipokuwa zilichokileta hakiondoki nazo.

Chukua msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Vijana wanapanga foleni kuskani vyeti, kuambatanisha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili, kuchapa fomu za HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, zikasainiwe, kisha kurudi kuzipandisha. Ndani ya saa moja kompyuta ileile imepokea flashi kutoka Mabawa, Duga, Pongwe na Muheza. Kila flashi ilishalala kwenye kompyuta nyingine kabla ya kufika hapo.

Tazama kinachotokea kwa karibu. Mhudumu anafungua flashi, anaona folda iitwayo VYETI. Akikazia macho ataona kimshale kidogo kwenye kona ya picha yake, na kwenye safu ya ukubwa pameandikwa KB 1 au KB 2, jambo ambalo folda ya kweli haionyeshi. Hiyo ni shotikati, yaani njia ya mkato, si folda. Folda halisi imo humohumo kwenye flashi, ila imepewa sifa ya kufichwa na sifa ya faili la mfumo, ili Windows isiionyeshe. Ndani ya shotikati kuna amri ya hatua mbili: kwanza endesha kirusi, halafu fungua ile folda iliyofichwa. Mhudumu anabofya, vyeti vinaonekana, mteja anachapiwa, anaondoka na shukrani. Kirusi kwa wakati huo kimeshajinakili mahali ambapo kitawaka kila kompyuta ikiwashwa, na kinangojea flashi inayofuata.

Ulinzi wa muda wote unaikamata hatua ya kwanza kabla haijatekelezwa. Kuskani kwa mkono kungeweza pia kuikamata, kama mhudumu angeskani flashi kabla ya kuifungua. Kwa flashi moja jioni nyumbani, inawezekana kabisa. Kwa foleni iliyofika mlangoni, na mteja anayelalamika kwamba daladala inamwacha, hakuna binadamu anayeskani kila flashi. Mimi simlaumu mhudumu. Namlaumu aliyempangia kazi kana kwamba atakumbuka.

Mwenye flashi naye aambiwe: vyeti vyako havijapotea. Kwenye kompyuta safi, katika lile dirisha jeusi la amri, andika attrib -h -r -s /s /d G:\*.* na kubonyeza Enter, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa G. Folda zitajitokeza, kisha zile shotikati unazifuta. Wapo wanaotoza fedha nzuri kwa "kurudisha data" na kazi yenyewe ni mstari huo mmoja. Lakini usiifanye kwenye kompyuta yenye kirusi, maana kitazificha tena papo hapo.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Flashi ilikuwa inajiendesha yenyewe ikichomekwa, na kirusi kama Conficker, kilichotokea mwaka 2008, kilitumia mwanya huo. Windows 7 ilitoka ikiwa imefungwa mwanya huo kwa flashi, na mwaka 2011 Microsoft ikaufunga kwenye Windows XP na Vista pia. Ndipo watengenezaji wa virusi wakageukia hila ya shotikati, kwa sababu sasa wanahitaji mtu abofye. Hii ndiyo hoja bora ya kuskani kwa mkono: siku hizi kuchomeka flashi peke yake kwa kawaida hakutoshi kukuambukiza, hivyo kuna nafasi ya kuikagua kabla ya kuifungua. Bofya kitufe cha kulia juu ya jina la flashi, chagua kuskani kwa Microsoft Defender, antivirusi inayokuja ndani ya Windows, subiri.

Wakati huohuo linaanguka lile dai kwamba kompyuta isiyoingia intaneti haihitaji ulinzi. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kilifika kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran ambayo haikuunganishwa na intaneti, na flashi ndiyo iliyokuwa daraja.

Ni kweli inakula kasi?

Wakati mwingine, ndiyo. Lakini kabla ya kuhukumu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager lenye safu za prosesa, ramu na diski. Ulinzi wa Windows unaonekana humo kwa jina la Antimalware Service Executable. Liache dirisha wazi, fanya kazi zako za kawaida, kisha utazame nani yuko juu. Mara nyingi utakuta diski imegonga asilimia 100 na anayeishughulisha ni masasisho yanayojipakua, au kivinjari chenye kurasa ishirini zilizofunguliwa tangu juzi.

Kwa mashine zenye hadidiski ya kuzunguka, dawa ni kuweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Hakuna antivirusi utakayoitoa ikakupa tofauti kama hiyo. Na kwa Tanga yetu ongeza joto na vumbi. Feni ikiziba, prosesa inapata moto, na prosesa iliyopata moto inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Nimeona laptopu ikihukumiwa kwa virusi, kisha kwa antivirusi, na kumbe ilihitaji mtu wa kuifungua na kuifuta vumbi.

Kuna pia mashine zenye antivirusi mbili zinazogombea nafasi ileile, mara nyingi moja ikiwa ni ya majaribio iliyokuja na laptopu na kuisha muda wake. Windows 8 na zilizofuata zinakuja na Defender ndani. Ukisimika antivirusi ya kampuni nyingine, Defender inajiweka pembeni. Ukisimika mbili za nje, hakuna anayempisha mwenzake. Toa moja, toa kwanza iliyoisha muda.

Kama ni kweli Defender ndiyo inayokusumbua, huenda ni ile skani yake ya ratiba. Kwa kawaida imewekewa kikomo cha asilimia 50 ya prosesa wakati wa skani hiyo, na ratiba unaweza kuihamishia saa za mchana mkiwa mmekwenda kula. Ulinzi wenyewe unabaki ukiwa macho.

Nisiwe mwonevu kwa fundi wa kwanza. Programu inayokaa ndani kabisa ya mfumo ikikosea, inakosea vibaya. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani, na viwanja vya ndege vikabaki vinaandika abiria kwa mkono. Mwaka 2010 sasisho la McAfee liliona faili muhimu la Windows XP kuwa kirusi, na kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha bila mwisho. Anayesema ulinzi wa muda wote una gharama zake hajabuni kitu.

Anayeweza kuishi kwa kuskani kwa mkono

Ni yule ambaye jibu la swali letu ni "mafaili yangu tu". Mwalimu anayeandaa mitihani kwenye laptopu yake, hapokei flashi za watu, hasimiki kitu kipya, kivinjari chake kimesasishwa, anaingia kwa akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusimika programu, na kila wiki ananakili kazi zake kwenye diski anayoichomoa na kuiweka kabatini. Ukimwondolea kimojawapo kati ya hivi, kuskani kwa mkono kunaanza kuwa bahati nasibu. Mashine ikiwa kuukuu kabisa na kazi ni kuandika na kuvinjari tu, afadhali kuweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kuliko kuhangaika na Windows iliyovuliwa nguo.

Akiamua hivyo, ajue kwamba swichi ya Defender ya kuzima ulinzi wa muda wote ni ya muda mfupi. Itajiwasha yenyewe, na Microsoft wameiweka hivyo kwa makusudi. Ndiyo maana watu wanatafuta viprogramu vya mtandaoni vya "kuiua Defender moja kwa moja". Sipendekezi hata kimoja. Unakuwa umempa mtu usiyemjua mamlaka yote ya kompyuta yako, tena kwa kazi ya kuondoa kitu pekee ambacho kingekuonya kumhusu.

Zana za kuskani kwa mkono zipo, na za kuaminika. Malwarebytes ya bure inakupa siku 14 za kujaribu toleo la kulipia, kisha inabaki ya kuskani kwa mkono tu. Microsoft Safety Scanner haisimikwi, unaishusha na kuiendesha, lakini inaisha muda siku 10 baada ya kuishusha, na baada ya hapo unashusha upya. Dr.Web CureIt nayo ni ya aina hiyo, na ni bure kwa matumizi ya nyumbani, si kwa biashara, kwa hiyo wenye steshenari wajiangalie. ClamWin haina kabisa ulinzi wa muda wote, imezaliwa hivyo.

Hapa bando linaingia kwenye hesabu kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Zana ya kushusha upya kila mara inaweza kula zaidi ya MB 100 kwa kila skani, wakati antivirusi inayokaa muda wote huongezewa orodha yake kidogokidogo. Aliyetoa antivirusi ili kubana bando anaweza kujikuta anatumia zaidi.

Mimi naona mpangilio unaowafaa walio wengi ni Defender kuachwa macho, na zana moja ya kuskani kwa mkono kuwekwa akiba kwa siku ya mashaka. Hizo mbili hazigombani, kwa sababu moja imelala. Ukihisi kirusi kimeshaingia na kinajificha, tumia skani ya Defender inayowasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Inachukua kama dakika 15, na kirusi kinakamatwa kabla hakijapata nafasi ya kukimbia. Na kwa anayetumia antivirusi ya kampuni nyingine, ndani ya Windows Security kuna swichi ya kuruhusu Defender ipite mara mojamoja tu kama mkaguzi wa pili. Huko ndiko Defender yenyewe inakuwa ya kuskani bila kukaa chinichini, tena kihalali.

Yanayosemwa sana

"Kraki inalalamikiwa na antivirusi kwa sababu ni kraki tu, haina kirusi." Kuna kraki zilizo hivyo na kuna zilizobeba RedLine, na maelekezo ya zote mbili yanaanza kwa mstari uleule wa kukutaka uzime antivirusi. Huna namna ya kuzitofautisha.

"Nina VirusTotal, inatosha." Ni huduma nzuri ya mtandaoni inayomilikiwa na Google, inakagua faili kwa antivirusi nyingi kwa mpigo. Itumie kwa programu ulizoshusha. Usipandishe vyeti au vitambulisho vya watu, kwa kuwa kinachopandishwa hushirikishwa kampuni za usalama. Anayeshika nyaraka za wateja akumbuke pia kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na folda la vitambulisho vya NIDA lililojaa kwenye kompyuta ya dukani linaihusu.

"Na simu je?" Simu za Android zenye huduma za Google zina Play Protect inayokagua programu. Kwenye iPhone programu moja haiwezi kukagua nyingine, hivyo inayojiita antivirusi huko inafanya shughuli nyingine.

Kwa wenye steshenari

Acha ulinzi wa muda wote uwake kwenye kila mashine. Tenga kompyuta moja ya kupokelea flashi, isiyokuwa na barua pepe ya ofisi wala mahesabu, na wahudumu waingie kwa akaunti ya kawaida. Washa mpangilio wa kuonyesha kiambishi cha mwisho cha jina la faili, ili CHETI.pdf.exe isipite kama CHETI.pdf. Nyaraka za wateja zifutwe jioni duka linapofungwa.

Mliobaki Windows 10, kuna mpango wa nyongeza wa Microsoft unaowapa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Orodha ya virusi ya Defender itaendelea kuletwa kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Hivyo ni vitu viwili tofauti: orodha inaitambua programu mbaya ikishafika, viraka vinaziba tundu inalopitia. Mashine yenye orodha mpya na matundu ya zamani inaweza kuchapa fomu na kufanya kazi za ndani, ila kuingilia benki au akaunti ya mapato kutafutiwe kompyuta nyingine.